Anayesubiri valvu ya moyo akutanishwe na aliyetangulia

Mtu anapoambiwa na daktari kwamba mlango mmoja wa moyo wake umeharibika na ni lazima awekewe wa bandia, hutoka hospitali na karatasi nyingi mkononi. Kuna ya kipimo cha damu, ya eko, ya daktari wa meno, ya bima. Anachokosa ni mtu wa kumweleza itakuwaje. Daktari humwambia, lakini kwa dakika chache, huku foleni ikiwa ndefu nje. Ndugu humwambia kwamba Mungu yupo. Ni kweli, ila jibu hilo halimalizi maswali ya usiku: nitaamka? Nikiamka nitaweza tena kubeba mzigo, kuzaa, kuvuka mpaka na biashara yangu?

Maoni yangu ni kwamba kila hospitali inayomtayarisha mgonjwa kwa upasuaji wa kubadilisha valvu imkutanishe kwanza na mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huo huo. Jambo hili lisiachwe kuwa bahati ya mwenye jirani mzuri, bali liandikwe katika maandalizi kama yanavyoandikwa meno na damu. Gharama yake ni nauli ya basi na chumba chenye viti viwili.

Tukumbuke kwanza ni akina nani wanaohusika. Ulaya, wengi wanaobadilishiwa valvu ni wazee ambao milango ya moyo wao imekakamaa kwa umri. Kwetu ni vijana, akina mama wa umri wa kuzaa, hata wanafunzi. Chanzo mara nyingi ni koo la utotoni lililosababishwa na bakteria na halikutibiwa. Baada ya wiki chache huja homa, viungo hujaa na kuuma, kisha mwili unaopigana na bakteria huanza kuushambulia moyo wenyewe. Homa ikirudi mara kwa mara, milango ya moyo huwa migumu au hushindwa kufunga. Ugonjwa huu hupenda mahali watu wanapolala wengi chumba kimoja, na sisi tuliokulia ukimbizini tunakujua mahali hapo. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane nao. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne huzuia homa isirudi. Lakini mlango ukishaharibika sana, kinachobaki ni kisu.

Na visu hivyo si vingi. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015. Kampala kuna taasisi ya moyo pale Mulago. Kigali, madaktari na wauguzi wa Team Heart kutoka Boston, Marekani, walianza kuja mwaka 2008 kuwapasua wagonjwa katika Hospitali ya King Faisal. Mwaka 2007 shirika la Emergency la Italia lilifungua kituo cha Salam karibu na Khartoum, na watu kutoka nchi nyingi za Afrika walipasuliwa pale bila malipo, hadi vita vilivyoanza Sudan mwezi Aprili 2023 vilipoivuruga njia hiyo. Wengine walikwenda India kwa michango ya ukoo mzima.

Maana yake ni kwamba watu wenye valvu za bandia tunao. Wanauza vitenge sokoni, wanafundisha, wanalima. Anayesubiri zamu yake anaweza kuwa anapanda basi moja na mtu wa namna hiyo kila Jumatatu, wala wasijuane, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuwakutanisha.

Wazo hili si geni. Mwaka 1951, huko huko Boston, wagonjwa wanne wa Dk Dwight Harken, miongoni mwa watu wa kwanza kupasuliwa moyo, waliunda chama walichokiita Mended Hearts ili wawatembelee wanaosubiri upasuaji. Chama hicho kipo hadi leo. Wakati huo upasuaji wa moyo ulikuwa jambo la kutisha kuliko sasa, na waliona kwamba hofu ya mgonjwa huitikia zaidi sauti ya mtu mwenye kovu.

Sisi tuliorudi hatuhitaji kwenda Boston kulielewa hilo. Familia mpya ilipofika ukimbizini, haikuanza kwa mtendaji wa kijiji. Ilianza kwa aliyetangulia. Huyo ndiye aliyejua maji yako wapi, shule ipi inapokea mtoto asiye na cheti, mwenye shamba yupi analipa na yupi anadhulumu. Hakuwa na cheo chochote, alikuwa amepita tu njia ile. Wahenga walisema anayeuliza njia hapotei, ila ni lazima awepo wa kuulizwa.

Aliyetangulia katika valvu anajua nini? Anajua kwamba jino bovu litibiwe mapema, kwa sababu wadudu wa kinywani huingia katika damu na kuota kwenye valvu mpya. Anajua kwamba utaamka katika chumba cha wagonjwa mahututi ukiwa na mpira kooni na hutaweza kusema, kwa hiyo ni vizuri kukubaliana mapema na muuguzi ishara ya mkono ya maumivu na ya kiu. Asiyeambiwa haya hudhani amekuwa bubu. Atakufundisha kukohoa ukiwa umekumbatia mto kifuani. Atakuambia kwamba huzuni na machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita, na kwamba valvu ya chuma hulia kama saa ya mkononi, tena usiku unaisikia, na baada ya muda mlio huo huwa ndio unaokupa usingizi.

Atakuambia pia habari za kazi. Mfupa wa kifua hukatwa, na huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuunga. Muda huo hakuna jerikani kichwani, hakuna jembe, hakuna mtoto mgongoni. Kwa mama anayevusha nyanya na unga kila asubuhi, hiyo ni miezi mitatu bila mtaji kuzunguka. Nani atashika meza yake? Nani atalipa zamu yake katika kikundi cha kuchangiana? Mambo hayo yapangwe kabla ya kulazwa. Anayeweza kumwambia jinsi ya kuyapanga ni mfanyabiashara mwenzake aliyekwisha kupitia hapo.

Kubwa zaidi ni kuchagua valvu. Ya chuma hudumu miaka mingi, lakini mwenye nayo atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na atapimwa damu mara kwa mara. Iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe kwa kawaida haidai dawa hiyo kwa maisha, ila kwa kijana huchakaa mapema na kifua hufunguliwa tena. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayetaka kuzaa aseme hivyo mbele ya daktari kabla ya upasuaji. Mwislamu anayesikia neno nguruwe ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake. Hata hivyo, mtu huamua vizuri zaidi akiwa amekaa na mmoja mwenye valvu ya aina hii na mwingine mwenye ya aina ile.

Hapo ndipo linapokuja suala la mpaka. Wengi wetu tumezoea kununua dawa upande ambao bei ni nafuu. Kwa warfarini mazoea hayo ni hatari. Vidonge vyake hutofautiana nguvu, kuna vya miligramu 1, 3 na 5, na anayenunua kwa kufananisha kopo anaweza kumeza mara tatu ya kipimo chake. Na mipaka hufungwa. Gatuna ilifungwa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Mwaka 2020 corona ilifunga kila mahali. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mwenye valvu ya chuma akikosa dawa, damu inaweza kuganda juu ya valvu au kumletea kiharusi. Aliyetangulia anajua kuweka akiba ya dawa, kutembea na kadi inayoonyesha aina ya valvu na kipimo cha mwisho cha INR, na kumwonyesha mwenye duka la dawa kadi hiyo kabla ya kupewa diklofenaki au aspirini ya maumivu ya mgongo. Anajua vilevile kwamba isombe na dodo si haramu, ila zinashindana na dawa hiyo, basi ale kiasi kile kile kila wiki, asile sufuria nzima wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo.

Wapo watakaopinga. Watasema mgonjwa atatishwa, kwani si wote wanaopona. Kweli si wote, na anayesubiri analijua hilo. Kinachomtisha zaidi ni kimya na uvumi wa sokoni. Watasema aliyepasuliwa atajifanya daktari. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana nasema kazi hii isimamiwe na muuguzi, na sheria ziwe wazi: aliyetangulia asimulie aliyoyapitia yeye, asipange dozi, asigawe vidonge vyake, asiuze dawa za mitishamba. Siri ya mgonjwa ibaki siri, na asiyetaka kukutana na mtu asilazimishwe.

Hospitali zifungue daftari la watu walio tayari, likionyesha umri, jinsia, aina ya valvu na lugha. Nasisitiza lugha. Aliyekulia Kagera, aliyekulia Masaka na aliyekulia Bukavu wanaweza kulala wodi moja wasielewane kwa lugha ya kitabuni, lakini Kiswahili watakielewa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Basi kifanye kazi pembeni ya kitanda pia. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani viweke fungu dogo la nauli kwa wanaokwenda kuwaona wanaosubiri. Na walimu wenzangu, mtoto mwenye koo linalouma na homa asirudishwe tu nyumbani akalale. Mzazi aambiwe ampeleke kituo cha afya.

Wewe uliyekwisha kurudi kutoka chumba kile, usijione umemaliza. Nenda kwa muuguzi wako, uandikishe jina lako. Kuna mtu wiki hii ameshika karatasi zake na hajui amuulize nani.