Tuzitoe Bahasha Kwenye Droo: Wito kwa Ndugu wa Minneapolis na Saint Paul

Akifiwa mmoja wetu hapa Minnesota, hatuulizani maswali mengi. Kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku uleule, mweka hazina huteuliwa, na haziishi siku nyingi kabla ya nauli ya kumsafirisha marehemu hadi Kisii, Moshi au Bukavu kupatikana. Anayetoka Brooklyn Park huchanga, anayetoka Apple Valley huchanga, hata asiyemjua marehemu huchanga. Tuna sifa hiyo, na tunaistahili.

Ila lipo jambo ambalo kila mtu hulibeba kivyake: mkopo wa masomo uliokaa miezi bila kulipwa. Bahasha ikifika hutazamwa anwani tu, kisha hutiwa kwenye droo juu ya zile zilizotangulia. Mke hajui ya mume, wala mzazi hajui ya mwanawe. Kwa walioukopa huku mioyo ikisita kwa sababu ya riba, aibu huwa maradufu. Ndugu zangu, ombi langu ni moja: tuzitoe bahasha hizo, tuzifungue, na tuzifungue pamoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwanza tupunguze hiyo aibu. Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kwamba kati ya wakopaji karibu milioni 43 wa mikopo ya serikali, zaidi ya milioni 5 walikuwa wameshaingia katika kundi la walioshindwa kulipa. Si wavivu hao. Malipo yalisimamishwa Machi 2020 wakati wa korona, yakarudi mwaka 2023, na katikati ya hapo watu walihama nyumba, mikopo ikahamishwa kutoka kampuni moja ya usimamizi hadi nyingine, na barua zikaendelea kwenda kwenye fleti ya zamani. Mtu anayepiga zamu mbili katika nyumba ya wazee, huku akituma karo ya wadogo zake nyumbani, si ajabu malipo yalimpita.

Kupitwa kwenyewe kuna bei, na hiyo bei tuijue. Mkopo wa serikali ukichelewa siku 90, taarifa hupelekwa kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo. Alama yako, ile namba kati ya 300 na 850, huporomoka. Watafiti wa Benki Kuu ya Shirikisho tawi la New York walikadiria mwaka 2025 kwamba mwenye alama nzuri ya 760 na zaidi anaweza kupoteza wastani wa 171 kwa ucheleweshaji huo pekee. Zikifika siku 270, mkopo huhesabiwa kuwa umevunjwa. Hapo huwezi kupata msaada mpya wa serikali wa kurudi chuoni, na ukiomba mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali, ule wa FHA, jina lako litaonekana katika orodha ya wanaodaiwa na serikali. Mwenye fleti naye hutazama rekodi hiyohiyo, na muuza magari huitazama kabla ya kukutajia riba.

Serikali nayo haihitaji kwenda mahakamani. Sheria inairuhusu kuchukua marejesho yako ya kodi, na kumwagiza mwajiri akate hadi asilimia 15 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, mradi ubakiwe na angalau dola 217.50 kwa wiki. Waliosomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Tanzania wanaijua namba hiyo: tangu 2016 mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama marejesho ya kawaida. Huku asilimia 15 huja kama adhabu. Ukusanyaji wa nguvu ulitangazwa kurudi Mei 5, 2025, na tangu korona Washington imekuwa ikiuzima na kuuwasha. Ukizimwa, tusidhani tumesamehewa. Mkopo wa serikali hauozi kwa kukaa; hauna muda wa kuisha kisheria.

Kabla mshahara haujaguswa, lazima utumiwe barua ya onyo la siku 30. Soma upande wa nyuma: una haki ya kuomba kusikilizwa, na ukiomba ndani ya siku hizo, makato husubiri uamuzi. Ndiyo maana anwani ni jambo la kwanza. Ingia StudentAid.gov, tazama mikopo yako yote na nani anaishika, kisha sahihisha anwani na namba ya simu. Rekodi yako ya mikopo utaipata bure kwenye AnnualCreditReport.com. Kazi yote hiyo haimalizi saa moja.

Kwa mkopo uliokwisha kuvunjwa, kutoka shimoni kuna milango miwili mikuu, na haifanani. Mlango wa kwanza ni kuukarabati mkopo. Ukipiga simu uuite Rehabilitation. Unapiga kwa Default Resolution Group ya Wizara ya Elimu, 1-800-621-3115, unataja kipato chako, mnakubaliana kiasi. Kwa mwenye kipato kidogo kiasi hicho kimekuwa kikishuka hata dola 5 kwa mwezi. Unalipa mara 9 ndani ya miezi 10 inayofuatana. Ukimaliza, ile alama ya kuvunja mkopo hufutwa kwenye rekodi, ingawa ucheleweshaji wa kabla yake hubaki hadi miaka 7. Kwa muda mrefu nafasi hii imekuwa ikitolewa mara moja tu kwa kila mkopo, kwa hiyo usiianze kwa mzaha.

Mlango wa pili ni kuunganisha mikopo kuwa mmoja mpya, yaani Consolidation. Huu ni wa haraka, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na unamfaa anayetaka kurudi darasani muhula ujao. Lakini alama ya kuvunja mkopo hubaki kwenye rekodi. Anayewazia nyumba aupime mlango wa kwanza; anayewazia shule aupime wa pili.

Ukishatoka, omba mpango wa malipo unaofuata kipato. Ule uitwao IBR huweza kukupangia malipo ya dola sifuri ukiwa na kipato cha chini na familia kubwa, na bado ukahesabiwa kuwa unalipa vizuri. Wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa, hapa nawaomba masikio. Mpango wa Public Service Loan Forgiveness, ulioanzishwa na sheria ya 2007, hufuta salio la mkopo wa serikali baada ya malipo 120 ukiwa mwajiriwa wa muda kamili wa serikali au wa hospitali isiyo ya faida, na miji hii miwili imejaa hospitali za namna hiyo. Tazama jina la mwajiri kwenye fomu yako ya W-2. Likiwa ni la wakala wa kibiashara aliyekupeleka, hata kama kila asubuhi unaingia kwa mlango wa hospitali hiyohiyo, miaka hiyo haihesabiwi. Na mkopo uliovunjwa hauhesabiwi hata kidogo.

Wapo pia waliosoma katika vyuo vya biashara vilivyokufa. ITT Tech ilifunga milango nchi nzima Septemba 2016; mwaka 2022 Wizara ilitangaza kufuta mikopo ya dola bilioni 3.9 ya waliosoma huko. Globe University na Minnesota School of Business zilishtakiwa na Mwanasheria Mkuu wa Minnesota mwaka 2014, mahakama ikakuta ziliwahadaa wanafunzi wa masomo ya haki jinai. Kama chuo chako kilikudanganya au kilifungwa ukiwa bado darasani, uliza kuhusu kufutiwa kabla hujalipa hata senti.

Mikopo ya kampuni binafsi ina sheria zake. Mkopeshaji lazima akushtaki ndipo aguse mshahara. Na hapa Minnesota kesi huweza kuanza pale unapokabidhiwa karatasi, hata kama hazina namba ya mahakama. Wengi wetu huziona hazina namba, wakadhani ni utapeli, wakazitupa. Usizitupe: una siku 21 za kujibu kwa maandishi, na ukinyamaza mkopeshaji anaweza kushinda bila kubishana na mtu. Tuwakumbuke pia wadhamini. Mkopo wa SELF wa jimbo letu, na mikopo mingi ya kampuni binafsi, huhitaji mtu wa kuweka sahihi pamoja na mwanafunzi. Mjomba aliyekudhamini kwa upendo anaharibikiwa rekodi sawasawa na wewe. Kama umekwama, mpigie leo kabla hajaambiwa na mgeni.

Matapeli hawakosi. Anayekupigia akikuahidi msamaha wa haraka kwa ada ya kuanzia, au akiomba nywila yako ya StudentAid, mkatie simu. Msaada wa kweli upo, tena bure. Lutheran Social Service of Minnesota ina washauri wa mikopo ya masomo ambao hawamwulizi mtu dini wala kabila. Idara ya Biashara ya jimbo ina mtetezi wa wakopaji tangu sheria ya 2021. Kwa mambo ya mahakama, wenye kipato kidogo wanaweza kwenda Mid-Minnesota Legal Aid upande wa Minneapolis, na Southern Minnesota Regional Legal Services upande wa Saint Paul.

Sasa niwageukie wenye sauti. Wachungaji, maimamu, wenyeviti wa vyama na akina mama wa merigoraundi: tengeni Jumamosi moja. Tafuteni ukumbi wenye intaneti, mwalikeni mshauri, wekeni vijana wanaojua kompyuta na Kiingereza cha barua za serikali. Kila mtu aje na bahasha zake, zikiwa zimefungwa hivyohivyo. Hakuna atakayetakiwa kusimama aseme anadaiwa kiasi gani. Atakaa na mtu mmoja mezani, ataondoka akiwa amepiga simu moja. Jumuiya iliyompeleka Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwenye Bunge la Minnesota katika uchaguzi wa Novemba 2024, haiwezi kushindwa kupanga viti na chai.

Wazazi wenye watoto sekondari nao waje. Tangu msimu wa masomo wa vuli 2024, mpango wa North Star Promise hufidia karo katika vyuo vya umma vya Minnesota kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000. Mtoto wa muuguzi msaidizi hana sababu ya kuanza maisha na deni kama tuliloanza nalo sisi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nasi tulio ugenini tuongeze hatua moja inayotangulia: kulisoma. Wiki hii fungua barua moja, sahihisha anwani yako, piga simu moja. Kisha mwulize ndugu unayekaa naye benchi moja kama naye ana bahasha, na mwambie utampeleka Jumamosi.