Wanaotuhubiria Tabasamu Kazini

Siku hizi limezuka neno maofisini na viwandani, hata hospitalini, kwamba mfanyakazi mwema ni yule mwenye fikra njema wakati wote. Huitwa semina akaambiwa: mambo yakichacha, tabasamu, mteja akikutukana, tabasamu, mkuu wako akikukemea mbele ya watu, nawe tabasamu. Na baadhi yetu sisi wenye vilemba tumeitikia, tukaliita jambo hilo subira. Wallahi, hiyo si subira. Subira haina undugu na meno.

Hebu tutazame. Sahaba Abu Bakra alimwandikia mwanawe, aliyekuwa kadhi huko Sijistan, asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana hasira, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza jambo hilo. Zingatia, ndugu msomaji: kadhi hakuambiwa atabasamu, wala hakuambiwa ajifanye hana hasira. Aliambiwa azuie hukumu mpaka akili imrejee. Huo ndio utulivu wa kazini, mtu kujua kwamba saa hii mimi si wa kutegemewa, basi kalamu naiweka chini. Karani aliyetukanwa asijibu barua saa ile ile. Nesi aliyegombana na mwenzake zamu ya usiku aisome tena karatasi ya mgonjwa kabla ya kupima dawa. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aliyekasirika naye amesimama akae kitako, na hasira isipomtoka, alale. Hiyo ni dawa ya mwili, si ya maneno matamu.

Lakini wanazuoni wa fikihi hawakusimama hapo, na hapa ndipo wahubiri wa tabasamu wanapoziba masikio. Walilinganisha na hasira kila kinachovuruga akili: njaa kali, kiu, usingizi, huzuni, hata kubanwa na haja. Kadhi aliye katika hali hiyo asihukumu. Basi ikiwa kadhi, mtu mzima mwenye elimu yake, amekubaliwa kwamba njaa na usingizi vinamharibia akili, vipi mlinzi aliyekesha, au dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri bila ya chakula, aambiwe ati ugonjwa wake ni fikra mbaya? Bwana mkubwa anayemnyima mtu nafasi ya kula, kisha akampa barua ya onyo kwa kununa, ndiye wa kupewa onyo. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10, akasimulia kwamba hakupata kugunwa hata mara moja. Hilo mbona halifanyiwi semina?

Watasema: Sheikh anachochea. La! Dhana njema naitetea, ila ikae mahali pake. Mwaka wa 6 Hijria (628), huko Hudaybiya, Waislamu kiasi cha 1,400 walizuiwa kuingia Makka, na Suhayl bin Amr akakataa cheo cha utume kisiandikwe katika mkataba. Vifua viliwaka. Umar alisema waziwazi yaliyokuwa moyoni mwake, wala hakufukuzwa kwa ukorofi. Mtume (s.a.w.) akaamrisha watu wachinje wanyama wao, asiinuke mtu. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, naye akamshauri atoke, asimsemeze yeyote, achinje wake na anyolewe. Alipofanya hivyo, wote wakainuka. Mkubwa alitangulia kwa mkono wake, na shauri alilipokea kwa mwanamke (wako wakuu wa idara leo wangeona haya). Mwaka wa 8 wakaingia Makka nao ni 10,000.

Mfanyakazi naye asiufanye mshahara mdogo kuwa ruhusa ya kumfokea abiria au mgonjwa ambaye hakumpangia mshahara huo. Dai lake alipeleke panapohusika, kwa maandishi, kesho yake, akiwa ameshalala.