Kikombe Ambacho Yesu Hakukitamani

Kila mwaka Kwaresima inapofika ukingoni, makanisani mwetu husikika neno moja ambalo limenisumbua kwa muda mrefu: kwamba mateso ni baraka. Mhubiri hulitamka kwa sauti ya kutetemeka, na sisi huitikia amina. Leo naomba, ndugu zangu, tulichukue neno hilo tulipeleke Banissa, tukalipime huko. Mahubiri yasiyoweza kusemwa mbele ya mtu mwenye kiu, au mbele ya mama aliyemzika mwanawe mwalimu, hayafai kusemwa madhabahuni.

Banissa iko magharibi mwa mji wa Mandera, jirani na mpaka wa Ethiopia. Ni mbali, na si kwa maili tu. Huko kaskazini utawasikia wazee wakisema msafiri wa Nairobi amekwenda Kenya, kana kwamba wao wako nchi nyingine. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, nchi ya mabwawa yanayotegemea mvua. Mvua ikikosa, bwawa hugeuka tope, tope likawa vumbi, na watu hupanga madumu yao wakilisubiri boza la maji. Wenyeji ni Waislamu, wengi wao Wagarre. Wakristo ni wachache, na karibu wote wameletwa na kazi: mwalimu, muuguzi, askari. Kijana akipata barua ya kazi iliyoandikwa Mandera, mama yake huko Bungoma au Machakos hulala macho.

Ana sababu. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa al-Shabaab. Wauaji waliwatenga abiria, na wale ambao hawakuweza kutamka shahada walilazwa chini wakapigwa risasi. Watu 28 walikufa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo ya Desemba. Miezi minne baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, yaani Alhamisi Kuu yenyewe, Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Baadhi yao walikutwa asubuhi hiyo wakiwa katika maombi.

Kiswahili kinatufunza jambo hapa ikiwa tutatega sikio. Hao waliouawa kwa kushindwa kutamka shahada, sisi huwaita mashahidi. Maneno hayo mawili yametoka tumbo moja. Na shahidi, kabla ya kuwa mtu aliyekufa kwa ajili ya imani, ni mtu anayesimama mahakamani kusema aliyoyaona. Wengine waliokufa Garissa walishuhudia kweli, kwa sala iliyokuwa mdomoni mwao. Lakini wengi walikuwa vijana waliokuja kutafuta shahada ya namna nyingine, ya chuo, ili wakawainue wazazi wao. Hawakuulizwa kama wangependa kufa. Tuwaombee na tuwaheshimu, ila tusiipambe damu yao kwa maneno mazuri hadi uovu uliotendwa uonekane kama mpango mtakatifu. Mauaji yale yalikuwa dhambi, na dhambi haigeuki kuwa zawadi kwa kuwa aliyetendewa alikuwa mcha Mungu.

Tumtazame Bwana mwenyewe. Kule Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni, alijificha. Na usiku wa Gethsemane aliomba kikombe kile kimwondokee, akaomba mara tatu, jasho likimtoka. Huyo si mtu anayeyapenda maumivu. Angekuwa anayataka mateso kwa ajili ya mateso, asingesubiri mpaka Ijumaa ile. Alichokataa ni kitu kimoja tu: kuwaacha aliowapenda ili aokoe nafsi yake. Msalaba ulimjia akiwa njiani kwenda kwao. Ndiyo maana nasema, bila kusitasita, kwamba Mungu hakupendezwa na misumari. Alipendezwa na Mwana ambaye hata misumari haikuweza kumrudisha nyuma.

Hapo ndipo liko neno letu sadaka, ambalo tumelidunisha likawa bahasha ya Jumapili. Sadaka na kusadiki ni ndugu. Anayetoa sadaka anaonyesha kwa mkono kile anachokisadiki moyoni, na kama mkono hautoi, basi moyo nao una lake.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wakolosai kwamba anayatimiza mwilini mwake yaliyopungua katika mateso ya Kristo. Wengi wamejikwaa hapo. Je, msalaba ulipungukiwa nini? Mimi naamini haukupungukiwa na malipo hata senti. Kilichobaki ni kufikishwa. Kristo aliteseka Yerusalemu. Hakufika Wajir, huko huko kaskazini, kwa miguu yake. Wajir ilibidi apelekwe na miguu ya mtu mwingine.

Miguu hiyo mingine ilikuwa ya Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano, mzaliwa wa Forlì, aliyekuja Kenya mwaka 1969 akiwa mwalimu. Hakuwa mtawa wala hakuwa chini ya shirika lolote. Hakuolewa, hakuwa na mtoto, na hakutaka mshahara. Wajir aliwakuta wafugaji wakifa kwa kifua kikuu. Dawa zilikuwepo, lakini tiba ilikuwa ndefu, na mgonjwa akipata nafuu kidogo aliwafuata ngamia wake, ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi. Mwaka 1976 alianza utaratibu mwingine: wagonjwa wakapiga vibanda vyao karibu na kituo, wakakaa hapo miezi sita, wakimeza dawa kila siku mbele ya macho ya mhudumu. Leo ukienda hospitali yoyote ukaambiwa umeze vidonge vya kifua kikuu ukiwa unatazamwa, njia hiyo imepitia pia kwenye vibanda vile vya Wajir.

Kisha ikaja Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakawekwa juani bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Wenyeji husema ni maelfu. Annalena alikwenda kuwatafuta majeruhi na kuwasitiri maiti, akasaidia habari ile ifike nje. Kwa hilo alifukuzwa nchini. Angeweza kurudi kwao akapumzika. Alihamia Somalia, akaendelea na wagonjwa wale wale wa kifua kikuu, hadi tarehe 5 Oktoba 2003 alipopigwa risasi ndani ya hospitali yake huko Borama. Mwaka huo huo alikuwa amepewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; kwake ilikuwa hivyo hasa, maana wenyeji walipona, na mgeni akafia pale.

Jambo la Desemba 2015 nalo sitaki lisahaulike. Tarehe 21, karibu na El Wak, basi jingine la Mandera lilitekwa. Wauaji wakaamuru Wakristo watengwe. Waislamu waliokuwamo walikataa. Kina mama waliwavika wenzao Wakristo mitandio yao ili wasitambulikane, na abiria wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alipigwa risasi kwa msimamo huo, akafariki Januari 2016. Alikuwa Mwislamu, na aliishi na kufa akiwa Mwislamu. Nisije nikasikika nikimbatiza maiti. Lakini Mkristo anayesoma habari za mchungaji anayeutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, kisha akapita mbele ya jina la Salah Farah bila kuinamisha kichwa, huyo ameyasoma maandiko kwa macho tu.

Sasa nirudi kwenu mnaoshika maikrofoni Jumapili, nami ni mmoja wenu. Tumekuwa wepesi mno kugawa misalaba. Mke anapigwa usiku na mumewe, asubuhi anamjia mchungaji, anaambiwa avumilie, huo ndio msalaba wake. Hapana! Ile ni jinai. Mwalimu aliyeomba uhamisho baada ya kuwazika wenzake ataitwa mwoga na watu ambao hawajawahi kuvuka mto Tana. Hapana tena. Sadaka hutolewa na mwenye kitu. Anayekuchukulia kitu kwa nguvu kisha akakiita sadaka ni mnyang'anyi, hata akiwa amevaa joho. Msalaba wa kweli mtu huubeba mwenyewe kwa kumpenda fulani, na kazi yetu sisi tulio kando ni ile ya Simoni wa Kirene, Mwafrika mwenzetu, aliyetoka shambani akajikuta ameingiza bega lake chini ya mti wa mtu mwingine.

Vitisho vile viliwaondoa walimu wengi wa bara kaskazini, mwaka 2015 na tena mwaka 2020. Sitawalaumu. Lakini mtoto wa Banissa alibaki darasani na kitabu cha hesabu asichokuwa na wa kumfunulia, na mtoto huyo hakuhusika na bunduki ya mtu yeyote. Wako walimu waliorudi, na wapo wanaopangiwa shule za huko hata sasa. Ikiwa katika kanisa lako yuko kijana aliyepata barua hiyo, usimhubirie. Muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka amalize. Akiamua kutokwenda, mshike mkono. Akiamua kwenda, msindikizeni siku ya safari hadi Eastleigh, Nairobi, yanakopakia mabasi ya Mandera, mumbebee sanduku, mmuage yeye pamoja na dereva na abiria atakaokaa nao njia nzima, kwa maana hao ndio watakaokuwa jamaa zake huko mbele, na msiondoke mpaka basi litoke.