FISI MAJI NA MIZANI YA ALLAH



Ndugu yangu katika imani, leo twende mbali, visiwa vya Aleutian huko Alaska. Katika bahari ile ya baridi kali Allah ameweka fisi maji wa baharini. Hana tabaka la mafuta kama nyangumi, lakini amevikwa manyoya yaliyosongamana kuliko ya mnyama yeyote.

Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Tangu karne ya 18 wafanyabiashara walimwinda mpaka akakaribia kutoweka. Mwaka 1911 Marekani, Urusi, Japani na Uingereza ziliwekeana mkataba wa kumlinda.

Sasa zingatia. Mwaka 1974 James Estes na John Palmisano walichapisha utafiti uliolinganisha visiwa. Amchitka, walikorudi fisi maji, kulikuwa na misitu ya mwani. Shemya, ambako hawakuwapo, sakafu ya bahari ilijaa wale viumbe wa mviringo wenye miba, na mwani umekwisha. Kwa nini? Fisi maji huwala wenye miba, na wenye miba huula mwani. Akiondoka yeye, msitu unaliwa, na samaki waliojificha humo wanakosa makazi.

Je, kuna aliyekusudia kuua msitu wa bahari? Hapana. Mtu alitaka koti tu.

Surat Ar-Rahman inataja mizani na inatukataza kuivuka. Sisemi aya ile ilimkusudia fisi maji. Tusiibebeshe Qur'ani kila habari ya sayansi. Ninachosema ni kwamba tumeamrishwa kutazama na kutafakari. Wenzetu wamezamia maji ya barafu, wakahesabu, wakalinganisha. Sisi tunaandika "Subhanallah" chini ya video, kisha tunapitisha kidole kwenye simu. Hiyo si tafakuri.

Wala usidhani haya ni ya Alaska peke yake. Watafiti wameona katika miamba ya matumbawe ya Kenya kwamba kikande akivuliwa kupita kiasi, wale wenye miba huzidi na kuitafuna miamba.

Basi ewe mvuvi, na wewe mnunuzi wa samaki wa baruti, usiseme "bahari ni kubwa". Hujui umeondoa nini, na amana hii utaulizwa. Na ewe mzazi, mwanao akipenda sayansi usimwambie inapoteza imani. Mfundishe aanze na Bismillah.

Allah atujaalie macho yanayoona na mikono isiyoharibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.