Tugawe makundi kwa kazi, tusigawe kwa lugha



Wiki hizi mbili tumebishana sana, sisi tunaojitolea kwenye chumba cha kompyuta hapa Kakuma. Jambo lenyewe ukilisikia unaona ni dogo. Grupu letu la WhatsApp limekuwa kubwa mno, na watu wanataka ligawanywe. Wengi wanapendekeza njia rahisi: wanaoongea Kiswahili kwao, wa Kiarabu kwao, wa Kisomali kwao, wa Kirundi kwao. Mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye huja kuchaji simu yake pale, alitusikia akauliza: "Wanangu, sisi tulikimbia kwa sababu watu waligawanywa. Ninyi mnajigawa wenyewe bila kulazimishwa?" Tulinyamaza wote.

Mzee ana haki ya kuogopa. Lakini kwa heshima yote, tunaona kubaki wote kwenye chungu kimoja pia kunafukuza watu, ila kunawafukuza kimyakimya.

Angalieni hali ilivyo. Kazi yetu ni kompyuta za zamani zilizotolewa msaada. Tunaziwekea Ubuntu, na kwenye seva ndogo kuna Kolibri, ile programu ambayo mwanafunzi anasoma masomo bila intaneti. Zote ni programu huria, maana yake yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoandikwa, kuzibadilisha na kumpa jirani. Ndiyo maana sisi wa kidato cha nne tunathubutu kuzigusa. Sasa ingia kwenye grupu asubuhi: salamu na picha za maua, maombi, matokeo ya mpira, mtu kapoteza kadi yake ya chakula, sauti ya dakika nne ambayo hakuna mwenye bando la kuisikiliza. Katikati ya hayo dada mmoja anauliza kwa nini kompyuta namba nne inaishia kwenye skrini nyeusi. Baada ya dakika kumi swali lake limefunikwa. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu hakuuliza, na siku hizi hatumwoni hata pale chumbani.

Shida hii iliwapata waliotengeneza hizi programu kabla yetu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake wa kuendeshea kompyuta. Tangazo hakuliweka kwake, aliliweka kwenye ukumbi wa watu wa Minix, mfumo uliotengenezwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Ilikuwa ni sawa na mgeni kupiga hema kwenye ua wa mtu. Linux ikapata watu haraka, maswali yake yakajaa pale, na waliokuja kusoma habari za Minix wakaanza kulalamika. Januari 1992 Tanenbaum mwenyewe aliandika kwamba Linux imepitwa na wakati, wakabishana kwa maneno makali kuhusu namna mfumo unavyopaswa kujengwa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo watu wa Linux walipata ukumbi wao. (Mwaka huohuo kambi yetu ilifunguliwa. Haina uhusiano, tunataja tu.)

Je, kule kutengana kuliua kitu? Hapana. Minix iliendelea na kazi yake ya kufundisha, na Linux leo ndiyo iliyo chini kabisa ya Android kwenye simu unayosomea maneno haya. Walichogawana ni nafasi ya kuongea. Uadui haukuhitajika.

Linux yenyewe ilipokua ilijigawa tena. Wanaoandika kiini chake ni maelfu, wengi hawajawahi kuonana, na hakuna binadamu anayeweza kusoma barua zao zote. Kwa hiyo wa mitandao wana orodha yao ya barua pepe, wa kuhifadhi mafaili wana yao, wa sauti wana yao. Lakini kuna faili moja, wazi kwa kila mtu, inayosema sehemu fulani inasimamiwa na nani na barua yake itumwe wapi. Na kazi ya kila kikundi lazima irudi juu, ipite kwa msimamizi wa sehemu, ifike mahali pamoja, ndipo toleo jipya litoke kila baada ya wiki tisa au kumi. Kikundi kinaruhusiwa kuongea peke yake. Hakitarajiwi kukaa na kazi yake pembeni halafu kiwashangaze wenzake.

Hapo kwenye kurudi ndipo sisi tulianguka, na tunaona aibu kulisimulia.

Mwaka jana sisi wa Kiswahili tulijitenga tukafungua kigrupu chetu, kwa nia nzuri tu, tuelewane haraka. Ijumaa moja jioni diski ya seva ikajaa. Tukajadiliana kwenye kigrupu, tukaona kuna masomo ya hesabu ya Kiarabu yanakula nafasi kubwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona mtu akiyafungua. Tukayafuta. Tukapeana pongezi, tukalala. Jumatatu mwalimu mmoja, mama kutoka Sudan, akaja na watoto wake zaidi ya ishirini, akafungua ukurasa, hakuna kitu. Ni yeye aliyekuwa anayatumia kila Jumatatu na Alhamisi, saa ambazo sisi hatuko zamu. Alituuliza swali moja tu: "Mlimuuliza nani?" Kuyapakua upya kulichukua wiki tatu kwa mtandao wetu huu, tukikesha kwa zamu, na baadhi ya wale watoto hawakurudi.

Hakuna aliyekuwa na chuki. Hakuna aliyemtukana mtu. Tulikuwa tu chumba kimoja, lugha moja, na wote tuliona sawa kwa sababu wote tulikuwa tunaona kitu kilekile. Mzee akisema tunajigawa, tunaikumbuka Jumatatu ile.

Kwa hiyo, lugha zifutwe? La. Tazama Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake. Ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Ina vyumba vya msaada kwa Kifaransa, kwa Kihispania, kwa Kireno na lugha nyingine, ili mtu aulize kwa lugha anayoiota. Lakini jambo kubwa la kuwahusu wote halimaliziki kwenye chumba cha Kifaransa. Linapelekwa mahali pa wote, na likihitaji kura wanapiga kura waendelezaji wote. Kweli, mahali pa wote hapo ni Kiingereza kinachotawala, na asiyekijua anabaki nyuma. Hatusemi wamefika mbinguni. Ila wametenganisha mambo mawili ambayo sisi tuliyachanganya: kusaidiana kwa lugha yako, na kuamua kwa niaba ya wengine.

Kuna wenzetu, hasa wavulana, waliocheka dada zetu walipoomba chumba chao. Eti ubaguzi. Hao Debian mwaka 2004 walipata kikundi cha wanawake, Debian Women, kwa sababu ulikuwa ni mradi wa wanaume watupu karibu wote na wanawake waliojaribu kuingia walichoka haraka. Kikundi kile lengo lake lilikuwa kuwaingiza wanawake ndani ya Debian, si kuwatoa nje. Dada anayeogopa kuchekwa mbele ya wavulana sitini atauliza vizuri mbele ya dada sita, na akishajua ataingia kwenye kikundi cha ukarabati akiwa fundi. Sisi tunaunga mkono. Aliyecheka atuambie yeye alifanya nini siku ya swali la kompyuta namba nne.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, mtuvumilie kidogo. Ninyi pia mnatugawa, na mnatugawa kwa miradi. Kila mradi unakuja na grupu lake. Ofisa analifungua kwa namba yake, anatuingiza, tunaandika humo nenosiri la seva, orodha ya vifaa, nani kafundishwa nini. Mradi ukiisha ofisa anahamishwa, grupu linakufa, na kijana anayeingia mwaka unaofuata hawezi kusoma hata mstari mmoja wa yaliyopita. Watu wa lugha ya Python, ile ambayo baadhi yetu tunajifunza, nao hufungua vikundi vya muda kwa kazi maalumu, vikiwa na lengo lililoandikwa na hata tarehe ya kufungwa. Kikifungwa, maneno yake yanabaki mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Kufunga kikundi si kosa. Kosa ni kuondoka na ufunguo.

Tunachopendekeza kwenye kikao cha Jumamosi ni hiki. Ukarabati wawe na kikundi chao, seva na masomo chao, na wanaofundisha wanaoanza chao. Cha wanaoanza kiwe na mtu wa zamu kila siku, hata kama ni wa kusema tu "nimeona swali lako, subiri". Dada zetu wapate chumba chao kama walivyoomba. Vyumba vya lugha viwepo kwa kuulizana na kutafsiriana. Grupu kubwa libaki, wasimamizi tu waandike, kama ubao wa matangazo. Na salamu, maua na mpira vipate uwanja wao. Hatuwezi kuishi bila mpira.

Halafu daftari moja, la karatasi, likae chumbani. Kila kikundi kikiamua jambo linalogusa seva au kompyuta za wote, kinaandika humo kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na hakuna anayegusa kitu mpaka siku tatu zipite. Kuna wanaosema siku tatu ni nyingi, kwamba diski ikijaa Ijumaa huwezi kungoja mpaka Jumatatu. Inawezekana. Tuko tayari kubishana kuhusu siku, iwe moja, iwe mbili. Kuhusu daftari hatubishani.

Yule mwalimu amekubali kusimamia upande wa Kiarabu, kwa sharti kwamba ratiba ya vipindi vyake iandikwe ukurasa wa kwanza. Mzee naye tumemwalika, kikao ni saa nane mchana. Anayetaka kupinga aje apinge pale, asipinge kwenye kigrupu.