Kamera ya Gari: Shahidi wa Dereva au Jicho la Tajiri?

Ajali ikitokea katika barabara ya Arua kwenda Koboko mashahidi hawakosekani. Muuza muhogo aliona, mwendesha boda boda aliona, hata abiria aliyekuwa amelala juu ya magunia naye aliona. Baada ya nusu saa kila mmoja ana habari yake, na habari zote zinakubaliana juu ya jambo moja tu: kosa ni la dereva wa gari kubwa. Dereva mwenyewe pengine amekwisha kukimbilia kituo cha polisi kwa kuogopa kupigwa, na kule kukimbia kwake kunageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kesho yake tajiri anamwita ofisini. Atasema nini? Neno la dereva ni jepesi kuliko karatasi.

Ndiyo sababu nasema kwamba kamera ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele, ambayo wengi wanaidhania kuwa pambo la wenye pesa, ni chombo cha kazi sawasawa na jeki na tairi la akiba. Mwaka 2024 polisi wa Uganda waliandika vifo vya zaidi ya watu 5,000 barabarani. Nyuma ya vifo hivyo zipo kesi, wapo madereva waliofungwa kwa haki na waliofungwa bila haki, na zipo familia za wapita njia ambazo hazikupata kujua nani alimgonga mtu wao.

Najua atasimama ndugu mmoja aseme: sisi watu wa kiwandani na mashambani, gari tunalitoa wapi? Ni kweli, wengi wetu hatuna. Lakini nani anayeendesha lori la tumbaku, na nani anayepandishwa nyuma ya lori hilo kama mzigo? Na wapo wenzetu ambao kwa akiba ya miaka mingi, kwa njia ya chama cha akiba na mikopo, wamenunua gari moja kuukuu la kuchukua abiria kati ya Arua na Koboko. Gari hilo likishikwa kwa kesi miezi mitatu, ni akiba ya watu kumi iliyoshikwa. Basi jambo hili ni letu.

Tuanze na kuchagua. Muuzaji wa dukani atakusifia ukubwa wa picha, atakuambia hii ni "4K", ile ni ya zamani. Msikilize, lakini usinunue kwa hayo. Kamera ya kuaminika ni ile ambayo dakika moja ya ajali, kati ya maelfu ya dakika usizozihitaji, itakuwapo kesho yake ukiitafuta. Kamera nyingi hushindwa hapo, wala si kwa sababu ya picha mbaya.

Adui wa kwanza ni jua. Gari lililosimama Oraba tangu asubuhi likingoja karatasi za forodha, vioo vimefungwa, ndani huwa kama tanuri. Kamera nyingi za bei rahisi zina betri ndogo ya lithiamu, na betri ya namna hiyo haipendi joto: huvimba, hufa, na siku moja unakuta kifuniko kimefumuka. Uliza kamera yenye kapasita badala ya betri. Kapasita haiweki umeme mwingi, lakini huuweka wa kutosha kuiwezesha kamera kumaliza kuandika picha ya mwisho umeme unapokatika kwa kishindo, nayo huvumilia joto. Kama muuzaji hajui tofauti ya vitu hivyo viwili, hiyo ni sababu tosha ya kwenda duka la pili. Ibandike juu, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, isikuzibe macho wala kukaa chini kwenye dashibodi ambako joto ni kali zaidi.

Jambo la pili, na hapa naomba tukae kidogo, ni memori kadi. Kamera hizi huandika kwa mzunguko: kadi ikijaa, picha za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi. Kwa picha ya kawaida, kadi ya gigabaiti 64 hutosha saa tisa au kumi hivi za safari. Maana yake ni kwamba ukipata ajali asubuhi kisha ukaendelea kuendesha mpaka usiku, ushahidi wako unaweza kufutwa na picha za barabara tupu ya kwenda Pakwach. Baada ya ajali, kwanza usalama wa watu, halafu zima kamera, toa kadi, iweke mfukoni. Uwe na kadi ya pili garini.

Kadi yenyewe isiwe ile ya simu. Kuandika na kufuta mchana kutwa huichosha upesi, kisha husimama kimya kimya bila kukuambia, huku taa ya kamera inaendelea kuwaka. Zipo kadi zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera za ulinzi, zenye kuvumilia kuandikwa mara nyingi. Hizo ndizo za kununua. Halafu madukani zimejaa kadi za bandia: imeandikwa 128, lakini ndani ni 16, na kompyuta au simu yenyewe hudanganywa ikasoma 128. Dawa ni kuijaza kadi mpya siku ya kwanza na kuangalia kama picha zote zinafunguka. Mwanzo wa kila mwezi ifute upya ndani ya kamera. Kila Jumatatu tazama dakika mbili za jana. Kazi ya dakika tano hii, lakini ni wangapi watakaoifanya?

Kuna jambo ambalo vitabu vya kamera hizi, vilivyoandikwa kwa barabara laini, havitiliwi mkazo. Ndani ya kamera mna sensa ya mtikisiko. Gari likipata kishindo, sensa huifunga picha ya dakika ile isifutwe. Ni jambo jema. Lakini ukitoka kwenye lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, zile kilomita 92 zilizowekwa lami katika miaka ya 2010, ukaingia barabara ya vumbi ya kwenda shambani, kila shimo kwa kamera ni ajali. Hufunga, hufunga, hufunga, mpaka kadi inajaa picha za mashimo na nafasi ya ajali ya kweli hakuna. Iweke sensa katika kiwango cha chini kabisa. Na vumbi hilo hilo hukaa kwenye kioo. Kitambaa safi asubuhi kina thamani kuliko tofauti ya bei kati ya kamera mbili.

Usiku ni mtihani mwingine. Watu wetu husafiri usiku kwenda Kampala, na sehemu ya Karuma hadi Pakwach inapita kando ya mbuga ya Murchison Falls, ambako ndovu huvuka barabara bila kuuliza mtu. Huko utahitaji kamera inayoona gizani na isiyopofushwa na taa za gari linalokuja. Kusoma namba ya gari la mbele wakati wa usiku ni kazi ngumu hata kwa kamera za bei kubwa, maana bamba la namba hurudisha mwanga na kuwa jeupe tupu. Ukigongwa na gari likakimbia, taja namba yake kwa sauti kubwa palepale, rangi yake, na mahali ulipo. Maikrofoni itashika kile ambacho lenzi imekikosa.

Umeme nao uangaliwe. Gari dogo lina volti 12, lori kubwa lina volti 24, na chombo cha volti 12 ukikipachika kwenye lori bila kuuliza kitaungua. Ukitaka kamera iendelee kulinda gari likiwa limeegeshwa, fundi aweke kifaa cha kukata umeme betri inaposhuka, la sivyo asubuhi mtasukuma.

Sisi wa mpakani tuna mambo yetu ambayo watu wa Kampala hawanayo. Uganda tunapita kushoto. Ukivuka Vurra kuingia Kongo, au Oraba kuingia Sudani Kusini, unapita kulia, na usukani wako umebaki palepale, upande wa kulia. Dereva anakuwa kandokando ya mtaro, na ili aone kama anaweza kulipita gari lililo mbele humtegemea taniboi. Hakimu akionyeshwa picha ya gari lililo upande wa kulia atasema wewe ndiye mkosaji, asipojua picha ilipigwa nchi gani. Kwa hiyo dereva wa safari hizo anunue kamera yenye GPS, inayoandika mahali na mwendo. Na saa: Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja, na Sudani Kusini pia tangu Februari 2021. Weka saa ya Uganda, uiache hivyo, tena uiandike katika daftari lako la safari, maana picha yenye saa isiyolingana na ripoti ya polisi humpa wakili wa upande wa pili mlango wa kuingilia. Kwenye vizuizi vya askari na ofisi za mpakani, izime. Hakuna picha ya forodha inayostahili kulala rumande.

Sasa nije kwa tajiri. Matajiri nao wameijua kamera hii, lakini wanaipenda ikiwa imegeuzwa ndani, imtazame dereva usoni: amepiga mwayo, amekula, amezungumza na taniboi. Serikali nayo ina mitambo yake: mabamba mapya ya namba ya kielektroniki yalianza kutolewa mwaka 2023, na mwezi Juni 2025 faini za mwendo zilizotozwa na kamera za barabarani zilizua malalamiko makubwa hata zikasimamishwa kwa muda. Tajiri ana jicho, serikali ina jicho. Mfanyakazi peke yake ndiye anayeambiwa ategemee kumbukumbu za muuza muhogo!

Sikatai kamera ya kampuni inayotazama barabara. Nakataa ile inayotazama uso wa mtu anayefanya kazi, na nakataa kadi kukaa katika kabati la meneja peke yake. Maana ni ajabu: picha ikionyesha kosa la dereva, hupatikana siku ile ile, ikionyesha kwamba breki zilikuwa mbovu na alikwisha kutoa taarifa, kadi "imeharibika". Haya si mambo yasiyowezekana. Huko Marekani, mwaka 2023, chama cha Teamsters kiliandika katika mkataba wake na kampuni ya UPS kwamba kamera zinazomtazama dereva hazitawekwa garini. Walipata kwa kudai mezani.

Sisi pia hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la mwenendo au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwapo mtu mwingine ambaye mfanyakazi amemchagua mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba kuonyeshwa habari zake zilizowekwa na mwingine, na sura yako ndani ya kadi ya tajiri ni habari yako. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 haikubali ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama huuliza kama haukuchezewa. Ujerumani mahakama kuu ya madai iliamua Mei 2018 kwamba picha za kamera ya gari zinaweza kutumika katika kesi ya ajali hata pale zilipopigwa kinyume cha sheria ya faragha. Kwetu pia swali litakuwa ni lile la kuchezewa, kwa hiyo usikate picha, usiiongezee maandishi, usiitupe kwenye WhatsApp ili watu wacheke. Mpe polisi nakala mbele ya shahidi, akuandikie kwamba ameipokea, kadi yenyewe ibaki kwako au kwa wakili.

Basi wenye gari lao waanze na kapasita na kadi nzuri. Wanaoendesha gari la tajiri wapeleke kwa wajumbe wao, kabla ya mazungumzo ya mkataba yajayo, mambo haya yaandikwe: kamera itazame barabara tu, sauti izimwe, dereva akipata ajali kadi itolewe mbele yake na mbele ya mjumbe wa chama, nakala apewe kabla ya kuitwa kusikilizwa, si baadaye, na picha isitumike kumwadhibu mtu kwa jambo lisilohusu usalama wa barabara. Ikiwa meneja atasema kampuni haina pesa za kadi ya pili, mjumbe amwulize bei ya lori.