Bukavu: Ipime nyumba kwanza, modemu utainunua baadaye

Pale Nyawera, mbele ya meza za wauzaji wa simu na modemu, swali ni lile lile kutoka asubuhi hadi jioni: "Inatoa mega ngapi?" Muuzaji anajibu, "Mega ishirini, Mama." Mteja anafurahi. Muuzaji amesema kasi. Mteja amesikia zile mega anazonunua kila siku kwenye simu, zile zinazoisha. Hakuna aliyedanganya mwenzake, lakini tayari wamepotezana. Mama analipa kwa M-Pesa, anatia katoni ndani ya kitunga, anapanda nayo hadi Cimpunda. Usiku taa ya modemu inawaka vizuri, wifi inaonekana kwenye simu za watoto, lakini video haifunguki. Kesho yake anarudi dukani na anaambiwa: "Modemu ni nzima, Mama. Ni kwenu ndiko rezo haifiki vizuri."

Na ni kweli, modemu ni nzima. Kosa liko mahali pengine. Biashara hii ya intaneti ya nyumbani inafanywa kwa kuanzia mwisho: mtu anachagua katoni, kiisha anachagua forfe, kiisha ndipo anatafuta pa kuiweka nyumbani. Ilipaswa kuanza na nyumba. Na kwa vile feza ni ngumu mjini tangu benki zifunge milango mwanzoni mwa 2025, kukosea modemu moja si jambo dogo. Kuna jamaa ambazo dola zilizoenda kwenye katoni ile ndizo zilikuwa za minerval ya mtoto.

Bukavu si Goma. Goma kwa sehemu kubwa ni tambarare, juu ya mawe ya volkano. Bukavu imetandikwa juu ya vilima na rasi tano zinazoingia ndani ya ziwa Kivu, kwenye urefu wa karibu mita 1,500. Rezo ya 4G haipendi kilima. Nyumba mbili za avenue moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja inatazama mnara, nyingine iko nyuma ya mgongo wa mlima na inapata mabaki. Tena mabati yanazuia mawimbi, ndiyo maana ndani ya nyumba nyingi za Kadutu na Panzi mtu anatoka nje ili azungumze kwenye simu. Na wale wa Nguba na Muhumba wanajua shida yao ya pekee: simu inashika mnara wa ng'ambo, inamkaribisha mwenyewe Rwanda bila kuombwa, na unite zinaliwa kwa bei ya nje. Modemu yenye sim kadi inaweza kufanya vile vile ikiwa rominge haijazimwa. Hakuna katoni yoyote inayoandikwa mambo hayo.

Kupima nyumba hakuombi fundi. Simu moja ya 4G inatosha, pamoja na sim kadi za kampuni zinazofika mtaani. Ile ambayo mtu hana ataazima kwa jirani. Ananunua mega za siku moja, anaketi ndani ya chumba kile kile modemu itakapokaa, si kwenye baraza, na anafanya mambo ambayo nyumba itafanya kweli: kumpigia ndugu wa Kampala kwa video, kushusha faili la masomo, kufungua video ya mpira. Saa ya kupima ni kati ya saa moja na saa nne za usiku, wakati mtaa mzima uko nyumbani. Apime tena asubuhi. Kama asubuhi ni safi na usiku ni pole pole, mnara umejaa watu, na hakuna modemu hata ya dola 200 itakayoupunguzia. Kama ni vibaya saa zote, rezo yenyewe ndiyo haifiki, na hapo modemu yenye antena ya nje, iliyowekwa kwenye dirisha linalotazama mnara, inaweza kusaidia. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine. Wengi wanatibu wa kwanza kwa dawa ya pili. Siku tatu za kupima zinatosha. Usiku mmoja peke yake unaweza kudanganya.

Sasa zile mega. Kasi inahesabiwa kwa megabiti, na kiasi kinahesabiwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ina megabiti nane. Kwa hiyo mega 20 za kasi zinashusha karibu mega 2.5 za faili kwa sekunde moja, na hiyo ni siku ambapo mambo yote ni mazuri. Kwa nyumba ya kawaida si kidogo hata kidogo. Video moja safi inaomba kama mega 5 za kasi. Nyumba inayopata mega 8 au 10 za kweli kila usiku inaishi vizuri kuliko ile iliyoahidiwa 50 na kupata 2.

Halafu kuna neno "bila kikomo", linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango. Kikomo kipo mara nyingi, ila kimefichwa: baada ya giga fulani, kampuni inashusha kasi hadi mwisho wa mwezi. Kushusha kasi si wizi. Mnara ni wa watu wote, na mtu mmoja anayeshusha filamu usiku na mchana anawanyima wengine. Wizi, kama neno hilo linafaa, ni kutomwambia mteja. Maswali yake dukani ni mawili: inashushwa baada ya giga ngapi, na inashushwa hadi kasi gani? Kasi ya mega 2 bado inabeba WhatsApp na masomo. Ile ya nusu mega kwa nyumba ya watu saba ni kama hakuna kitu. Muuzaji asiyejua majibu hayo anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hajakisoma.

Giga za nyumba pia zinahesabika. Saa moja ya video safi inakula karibu giga 3, ya kawaida karibu giga 1. Watoto wawili, kila mmoja saa mbili za video safi kwenye simu yake kila usiku, hao ni giga 12 kwa siku, 360 kwa mwezi. Wakishusha ubora wa video, na kwenye kioo kidogo cha simu hawataona tofauti kubwa, zinabaki 120. Kuna nyumba nyingine ambako mwanafunzi anasoma, Papa anafuata habari na Mama anauza vitenge kwenye WhatsApp. Hiyo inaweza kumaliza mwezi na giga 30. Kuilipia forfe kubwa kwa kuogopa kuishiwa ni kutupa feza, na hakuna wa kulaumu.

Juu ya modemu yenyewe, jambo kubwa ni kufuli. Modemu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimefungwa, zinakubali sim kadi ya kampuni moja tu. Bei nafuu ina maana yake: kampuni inataka mteja asiende. Lakini mjini Bukavu rezo inaweza kuwa nzuri mwaka huu na kuharibika mwaka ujao, na anayehama kutoka Bagira kwenda Ibanda anaweza kukuta kampuni aliyoizoea haishiki huko. Modemu isiyofungwa inastahili dola chache zaidi. Kuijaribu ni rahisi: mteja atie sim kadi ya kampuni nyingine pale pale mezani kabla hajalipa. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana. Na katoni iliyoandikwa 5G haileti 5G mahali ambapo mnara hauitoi.

Na umeme? Hapa Bukavu modemu bila umeme ni pambo la meza. Ruzizi ikipungua maji, au takataka za plastiki kutoka ziwani zikiziba mitambo, mitaa inagawana giza. (Zile chupa, tukumbuke, zinatoka kwenye mitaa hiyo hiyo.) Modemu ya kawaida ya 4G inakula wati 6 hadi 10. Batri ndogo ya volti 12 na ampea 7, kama zile za alarm, inaweza kuishikilia saa tano au zaidi, yaani usiku wote wa masomo. Modemu ndogo ya mfukoni ina batri yake ndani, inafaa kwa mtu mmoja au wawili, lakini wifi yake haivuki kuta nyingi. Mwenye kuchagua kati ya kasi kubwa na batri anunue batri.

Hesabu hiyo ya umeme ndiyo inayosahauliwa watu wanapozungumza juu ya Starlink. Sahani yake ya kawaida inakula wati 50 na zaidi, mara tano au kumi ya modemu ya 4G, na batri ile ndogo inaishikilia saa moja tu. Asiye na sola ya kutosha au mashine ya mafuta atakuwa na intaneti ya mbinguni saa zile zile SNEL inapotaka. Kwa upande wa sheria, Mamlaka ya posta na mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilikataza vifaa hivyo Machi 2024 kwa sababu za usalama, kiisha ikatoa leseni Mei 2025. Lakini vingine viliingia vikiwa na akaunti iliyofunguliwa nchi jirani, na akaunti ya namna hiyo inaweza kukatwa, kwani kampuni ina kanuni zake juu ya kifaa kinachokaa nje ya nchi yake. Mtu akiuziwa sahani ya mkono wa pili, akaunti ni ya nani? Hilo liulizwe kabla ya bei.

Kwa viwanja vyenye nyumba nne au tano, sahani moja ya kugawana inaweza kuwa na akili kuliko modemu tano mbovu. Ugomvi utakuja, na si wa teknolojia. Utakuwa wa nani hakulipa mwezi huu na nani alimpa shemeji yake nywila. Afadhali waandikiane tangu mwanzo.

Wauzaji wana hoja yao, na si ya bure. Wanasema hawawezi kujua rezo ya kila nyumba ya mji wa vilima kama huu. Ni kweli. Basi kwa sababu hawajui, hatari isibebwe na mteja peke yake. Duka linaweza kutoa modemu kwa siku tatu, kwa dhamana ya kitambulisho na sehemu ya bei, na kuirudisha rafuni kama haikushika. Linaweza pia kuandika kwenye fakture mambo matatu: kasi, giga za kikomo, na kasi baada ya kikomo. Karatasi hiyo haigharimu kitu.

Kuilazimisha ilikuwa kazi ya ARPTC. Wakaaji wanakumbuka RAM, ile kodi ya kuandikisha simu iliyoanza 2020 na kukata unite za watu hadi ilipoondolewa 2022 baada ya kelele nyingi. Mamlaka ilijua kufika kwenye simu ya kila raia wa Kadutu ilipokuwa ya kukata. Kufika kwenye bango la "bila kikomo" la hapo Nyawera bado haijafika, na leo, Bukavu ikiwa mikononi mwa AFC/M23 tangu Februari 2025, mteja mwenye lalamiko hajui hata apeleke barua kwa nani.

Kwa hiyo, kwa sasa, amri pekee iliyobaki sokoni ni ya mwenye feza. Mama wa Cimpunda akirudi Nyawera, asiulize tena mega ngapi. Aulize: "Papa, nikiipeleka nyumbani na isishike, utanirudishia feza zangu?" Kisha asubiri jibu akiwa bado hajafungua M-Pesa.